Chumvi Kwenye Kopo la Umande

Chanika, 19 Januari 2025

Mwanangu Cyprian,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Keptauni? Kifua kimepona? Mie mzima, ila usingizi hautaki kukaa. Tangu baba yako atutoke nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia: nafagia palipofagiwa, natoka nje, narudi, sijui nilifuata nini.

Zile mbegu ulizoniachia ulipokuja kwenye msiba, zile laini kama ugoro, zimeota zote kwenye kopo la rangi. Mmea nimeuita Umande. Majani yana vinywele vyekundu, kila kinywele na tone lake. Ukitazama unasema umande, ukigusa, gundi! Inzi akitua, basi tena. Jani linamkunja taratibu kama muuza karanga anavyokunja karatasi. Nacheka peke yangu.

Tatizo Mama Deogratias, jirani. Alikuja kuomba kiberiti, akaona inzi anakunjwa, akaondoka bila kiberiti. "Mama Cyprian, jani linalokula nyama! Hilo kaliumba nani?" Nikamjibu, kaliumba aliyemuumba chatu. Sasa jumuiya nzima inanong'ona, na tarehe 22 Februari ndiyo wanakuja kusali kwangu, kumbukumbu ya mwaka wa baba yako. Uliniahidi utakuwepo. Usiniangushe.

Mama yako

*

Cape Town, 21 Januari

Shikamoo mama,

Milele amina. Kifua kimepona, na ruhusa nimeshaomba kazini. Nakuja.

Waambie huo ni mmea wa kawaida kabisa. Huku unaota wenyewe kwenye ardhi isiyo na rutuba, ndiyo maana unajazia chakula kwa inzi. Hapa bustanini ninapofanya kazi tunauza hadi kwa watoto wa shule, kwa sababu haufi kirahisi. Usiukaushe tu. Mama Deogratias msalimie, umpelekee na kiberiti chake.

Mwanao

*

Chanika, 9 Februari

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za kazi? Huku siyo kwema sana, ngoja nikueleze.

Niliona niwanyamazishe. Nikachukua maji ya baraka, nikakorogea chumvi ya baraka, nikaumwagilia Umande mbele ya Mama Deogratias na Mzee Leonardi, mwenyekiti wetu wa jumuiya. Nikajua ukibaki mzima watakiri ni kiumbe wa Mungu. Kila asubuhi nikaongeza, imani isije ikawa haba.

Majani yakawa meusi tititi.

Vigelegele hivyo! "Limeungua! Baraka imelichoma!" Mzee Leonardi kasema siku ya sala nisimame nitoe ushuhuda jinsi shetani alivyoshindwa kwangu. Watajaa hadi uani. Nikafurahi, Mungu anisamehe, mpaka nilipomsikia Mama Deogratias pale gengeni: "Mama wa watu hana neno. Wa kuulizwa ni aliyelileta. Na hizo hela za Sauzi, mnajua zinatoka wapi?"

Tangu hapo naosha vyombo vilivyo safi. Cyprian, niambie kama unavyomwambia padre. Uliniletea kitu gani?

Mama yako

*

Cape Town, 10 Februari

Shikamoo mama,

Nimesoma hilo swali lako kwenye simu mara mbili nikakaa chini.

Ni chumvi, mama. Mmea huu hauiwezi, hata ingebarikiwa na maaskofu wote. Nilipaswa kukwambia. Badilisha udongo, suuza mizizi kwa maji ya mvua, huenda ukachipua.

Ila mie siji. Siwezi kupiga magoti kumwombea baba huku watu wananichungulia mikono kutafuta hirizi. Wewe wape ushuhuda wanaoutaka, nyumba ijae. Baba alipenda watu. Nitasali hukuhuku.

Mwanao

*

Cape Town, 17 Februari

Shikamoo mama,

Mbona kimya? Nilijibu kwa hasira. Afya yako? Niandikie hata neno moja.

Mwanao

*

Chanika, 22 Februari, jioni

Mwanangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Afya ipo. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa sijui nimchague nani. Nikisema wewe, nyumba inabaki tupu siku ya baba yako. Nikisema watu, nimekuuza. Na Umande ukichipua, si watasema pepo karudi na wenzake saba?

Leo walijaa kweli. Mzee Leonardi akasema, "Mama Cyprian, simama utushuhudie." Nikasimama.

Nikasema, "Ni chumvi. Nimeuua mwenyewe kwa chumvi. Kamwagieni michicha yenu chumvi hiyohiyo, kisha mje mniambie shetani katokea wapi. Mwanangu hakuleta pepo, kaleta mbegu."

Mama Deogratias akadakia, "Kwa hiyo chumvi ya padre inaua?"

"Wewe ukizidisha chumvi kwenye maharage unamlaumu padre?"

Wengine wakacheka. Wengine wakajifunga kanga wakatoka, na yeye mbele. Viti vikabaki vinatazamana. Mzee Leonardi hakuniangalia usoni, lakini alibaki, akaongoza rozari hadi mwisho, na jina la baba yako likatajwa na watu wachache waliokuwepo.

Pilau imebaki sufuria nzima. Waliotoka sijui kama watarudi, na usingizi hata leo sidhani kama utakuja. Lakini hakuna neno baya juu yako nililolimeza ili nijaziwe nyumba.

Nisamehe lile swali. Mama hakupaswa kuuliza.

Usingoje watu waniamini. Siku utakayoshuka ndiyo siku ya baba yako. Tukiwa wawili, Bwana kasema wanatosha.

Mama yako