Mchumba Wangu Amenusa Stroberi Kwenye Koti Langu

Mpendwa Mshauri,

Niwie radhi kwa kukuchukulia nafasi ambayo pengine ingemfaa mtu mwenye shida ya heshima zaidi, lakini naomba msaada, na kwa kuwa nilisomeshwa na wamisionari, waliotufundisha kwamba mwombaji hujitambulisha kwanza, naomba niseme kwamba mimi ni mgane, fundi saa mstaafu, na tangu nizaliwe sijavuta hata sigara moja.

Chanzo ni mke wa mwanangu, msusi, ambaye tunaishi nyumba moja. Yeye aliacha sigara za kawaida akahamia ile ya umeme, aina ambayo mwenyewe huifungua na kuitengeneza, na ndani yake mna waya mwembamba uliozungushwa kama springi, huitwa koili, ambao katikati yake hupitishwa pamba yenye kunyonya maji ya ladha, waya ukipata moto maji yakawa mvuke. Basi siku moja nikamsikia jikoni akikohoa na kulalamika kwamba mvuke una ladha ya kitambaa kilichoungua, nami, kwa kuwa sijawahi kuona springi iliyopinda nikaipita, nikamwomba radhi, nikachukua kibano changu, nikazungusha waya mpya kwenye shina la bisibisi, nikaukaza kwa skrubu zake, nikauwasha bila pamba mpaka ukawa mwekundu sawasawa kuanzia katikati, ndipo nikapitisha pamba, isibane ikashindwa kunyonya, wala isilegee ikavuja. Akavuta, akafumba macho, akasema, "Baba! Ulikuwa umejificha wapi siku zote?"

Tangu hapo wateja wake wa saluni huja sebuleni kwangu na vifaa vyao, nami nashindwa kuwakataa kwa sababu wanapiga hodi vizuri. Wananiita Daktari wa Moshi. Nimewaomba waliache jina hilo, nao wameniomba radhi na kuendelea nalo.

Sasa, Mshauri, nina mchumba. Ni jirani yangu, muuguzi mstaafu wa wodi ya vifua, mama mwenye msimamo, ambaye akimwona mtu na sigara barabarani humsimamisha na kumwuliza kama mapafu yake ameyachoka. Jumapili, tukitoka kanisani, alinishika kola ya koti akainusa.

"Fundi, hii nini?"

Akainusa tena kabla sijajibu.

"Stroberi. Na mnanaa! Mzee mzima ananukaje stroberi? Una mwanamke wewe!"

Mshauri, mimi mtu akinikanyaga, ndimi nisemaye samahani. Mdomo ukanitangulia. "Niwie radhi sana, mama."

"Kwa hiyo yupo!"

"Samahani."

"Msichana?"

Mimi, kwa kuchanganyikiwa, nikawa nawafikiria wateja wa koili. "Nisamehe, mama, wapo wa kila rika."

Akaniachia kola. "Wapo? Haya. Jumamosi nakuja kunywa chai. Mlete huyo mkubwa wao nimwone, halafu nitaamua kama pete yako nairudisha au naitupa."

Naona haya kukiri kwamba nilifarijika. Mzinzi hutubu akasamehewa. Lakini mtu anayewatengenezea wenzake moshi, mbele ya mama aliyewashika mkono wagonjwa wakihangaika kupumua, sijui. Mke wa mwanangu amejitolea kuniazima mteja wake mmoja, mwanamke mtu mzima, mtaratibu, aje akae sebuleni Jumamosi kama ndiye huyo mkubwa wao. Je, nikubali? Na nikikubali, kwa mujibu wa adabu, nimmiminie nani chai kwanza?

Naomba radhi kwa urefu wa barua hii.

Mgane wa Koili

*

Shikamoo, mzee wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikitamani kukuvuta sikio, na umri wako ndio umekuokoa. Waume za watu huniandikia wakitaka kumficha mwanamke. Wewe ndiye wa kwanza kutaka kumwazima mwanamke ili umfiche fundi.

Nakuelewa. Mikono iliyozoea springi haipendi kukaa bure, na nyumba iliyokuwa kimya sasa ina watu wanaopiga hodi na kukuita daktari. Ni tamu hiyo. Lakini mama huyo ameona watu wakiishiwa pumzi mbele ya macho yake, na ana haki ya kujua mvuke unatoka nyumba ipi kabla hajahamia humo. Wewe umeifanya adabu kichaka cha kujifichia, kisha unaniuliza habari za chai!

Mteja wa saluni abaki saluni. Na huyo mkweo mwambie mimi nimesema akanywe maji baridi.

Usingoje Jumamosi. Nenda kwake kesho, mchana kweupe, na koti lile lile, usilifue. Chukua kibano, waya na pamba, uviweke mezani. Sema: "Sina mwanamke. Natengeneza koili." Nukta. Usianze na samahani, usimalize na samahani. Samahani zako ndizo zilizokuzalia wanawake wa kila rika.

Akitaka uache, amua hapo hapo. Kama huwezi, sema huwezi, akuache akiwa anajua anamwacha nani. Kama unaweza, acha kweli. Saa mbovu hazijaisha mjini, na hao wateja wakapige hodi vizuri kwa mwingine. Usimwambie utapunguza. Neno hilo amelisikia wodini, kitanda hadi kitanda.

Akikurudishia pete kimya kimya, ipokee, uage, uende. Lakini akianza kukugombeza, chai ikapoa akiwa bado anakugombeza, usiinuke. Mwanamke aliyekwisha kumwacha mwanaume haharibu tena sauti yake kumgombeza. Kaa hapo hapo, mzee wangu, ugombezwe.