Kanda ya Salma

Jumanne, baada ya Magharibi. Naisemea simu, kuandika sijui.

Yule Mzungu wa santuri kaja tena leo hapa kwangu Handsworth, Uingereza. Ana kampuni ndogo, yeye na mkewe tu, jikoni kwao. Anasema ile bendi ya magitaa ya marehemu mwanangu Salma, ambayo zamani hakuna aliyeisikiliza, sasa watu wanaitafuta. Mimi nilikuwa nikimwambia, "Salma, kwa kelele hizo nani atakuoa?" Akicheka tu.

Anaulizia ile kanda yenye nyimbo ambazo hazijatoka popote. Nikamtilia chai ya tangawizi. Inamkohoza, lakini huimaliza.

Kanda ilikuwepo zamani, juu ya friji. Enzi zile sisi tusiosoma tulituma barua za kanda, na dada yangu Unguja alikuwa mgonjwa. Salma alishavunja vile vipembe vya juu ili isifutike. Nikayaziba matundu yake kwa karatasi, nikarekodi juu ya nyimbo salamu zangu, bei ya mchele, nani kazaa, nikampelekea dada.

Salma hakunigombeza. Alisema, "Basi, mama, tutaimba tena." Hawakuimba tena.

Leo nimemwambia yule bwana nitaitafuta. Kaondoka na furaha yake, masikini. Dada kafa, vitu vyake vimegawiwa, kanda sijui...

Dada alinijibu wakati ule. Akasema, "Maneno yako yamekwisha, halafu kuna mtu anaimba kidogo. Nani huyo? Mwambie ana sauti nzuri."

Salma sikumwambia.