Pofu Aliyeitwa Bahati

Mama,

Shikamoo. Nimeiandika hiyo shikamoo halafu nikakaa nayo, maana sijui marahaba itatokea upande gani.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kiingereza changu ni cha darasani, hakijawahi kukaa jikoni na wewe. Na lugha yetu ya nyumbani ulinifundisha kuiongea tu, kuiandika hukunifundisha.

Tulikwenda Nairobi, Mama. Matanga yalipoisha Shangazi Fausta alimpigia Baba simu, akamwambia awalete watoto kwake wabadilishe hewa kidogo. Basi tukavuka Namanga, mimi, Baba na Neema, na Jumamosi Shangazi akatupeleka kuangalia wanyama. Ungekuwepo ungecheka. Sisi watu wa Nambis, watalii wanapita hapo Karatu kila siku kwenda kuona simba, sisi simba wetu hatumjui, tunakwenda kumwangalia wa Kenya. Baba alivaa lile koti la harusi yenu. Getini nilimwamkia mlinzi shikamoo, akacheka, akasema, "Wewe ni wa Tanzania." Nikarudi nyuma ya Baba, pale pale unapopajua.

Kwa fisi Baba alisimama muda mrefu. Akasema huyu si wa kulipia kiingilio, huyu ni jirani, tena amekula mbuzi wetu. Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilijaribu kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza Baba kutania tangu tukuzike, na nilitaka aone kwamba nimemsikia.

Lakini siku ile sikuwa na raha, na sababu ni hii. Asubuhi, tukiwa tunakunywa chai, Shangazi alimwambia Baba amwache Neema abaki kwake. Alisema mtoto mdogo vile hawezi kulelewa na mwanaume peke yake, na mimi shule ikifunguliwa narudi bweni. Baba alikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Akasema, "Tutaongea jioni." Kwa hiyo siku nzima nilitembea nikiiogopa jioni.

Usimkasirikie Shangazi, Mama. Alishamnunulia Neema viatu vyekundu. Kila tulipokwenda alimshika mkono, na Neema aliuacha mkono wake ushikwe. Hilo ndilo lililoniuma. Tangu ulipoondoka alikuwa hakubali kushikwa na mtu, hata mimi.

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi tunakula mayai Shangazi aliyotuchemshia, mara Neema hayupo. Baba aliinuka, yai likamdondoka. Tukamkuta kwenye uzio wa pofu. Wewe hukuwahi kumwona pofu. Ni mkubwa kama ng'ombe, rangi ya udongo wetu wa kiangazi, ana ngozi inayoning'inia shingoni. Ukimwona kwa mbali utasema ni ng'ombe wa mtu. Neema alikuwa amechuma majani, amepitisha mkono kwenye waya, anamwita, "Bahati, Bahati." Ng'ombe wako, Mama. Alidhani tumemkuta huku.

Halafu akaanza kuguna.

Ule mguno wako wa kukamulia, usio na maneno, unaopanda mara mbili halafu unashuka kama mtu anayekaa chini akiwa amechoka. Wote tulidhani umekwenda nao. Tangu siku ya mazishi Bahati alikuwa anabana maziwa. Mimi nilijaribu kuguna akanipiga mkia, Baba alijaribu akapiga ndoo teke, mpaka Baba akaanza kusema auzwe. Kumbe Neema alikuwa nao. Alikuwa anakaa kwenye lile gogo la mlangoni ukikamua, na sisi tukadhani anacheza tu.

Pofu alikuja. Alisimama mbele yake, masikio yamelegea. Mhudumu alifika akatuambia hairuhusiwi kuwapa chakula, halafu na yeye akasimama kusikiliza. Baba alitupa kisogo, akawa anaangalia miti.

Shangazi alipombeba Neema mgongoni, mimi nikasema, "Neema anarudi na sisi."

Sijui sauti niliitoa wapi. Ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. Shangazi aliniuliza, bila ukali, "Na wewe ukirudi bweni, Paskalina, nani atamwogesha? Nani atamsuka?" Ni swali la haki. Nilikuwa nimelitafutia jibu tangu chai ya asubuhi, nikakuta ni moja tu.

"Sirudi bweni."

Baba alinigeukia. Akasema, kwa sauti ya chini, "Mama yako aliitaka sana ile shule." Nikamwambia najua. Jioni ilipofika hakuna aliyeanzisha yale mazungumzo. Shangazi aliingia chumbani, akakunja nguo za Neema, akaziweka kwenye begi letu.

Sasa nasoma hapa kwetu, sekondari ya kata. Naondoka asubuhi nimeshamwogesha Neema, namwacha kwa mama wa jirani, narudi kumchukua. Namsuka vibaya, mistari inapinda, watoto wenzake wanamwambia amesukwa na fisi. Kiingereza kinaanza kunitoka, nakisikia kinatoka. Kuna siku napita barabarani nikiwa na kuni, naona basi la wanafunzi wa bweni likipita, nageuza uso mpaka vumbi litulie. Shule ile uliitaka wewe. Uliisema hata hospitalini Haydom, ulipokuwa husemi mengi. Sikuombi uniambie nimefanya vizuri. Nataka tu usikie kutoka kwangu, usisikie kwa mtu mwingine.

Bahati bado yupo. Jioni mimi nakaa na ndoo, Neema anakaa kwenye gogo lako anaguna, na maziwa yanashuka. Baba akisikia anatoka, anakwenda mpaka kwenye migomba, anarudi tukishamaliza. Neema hajui anachotufanyia. Juzi aliniuliza kama yule Bahati wa Nairobi amepata mtu wa kumkamua. Niliinamia ndoo.

Ulikuwa unaniuliza, "Paskalina, sauti yako umemwachia nani?" Ulikuwa unatania, lakini nilikuwa naumia kidogo. Ipo, Mama. Imetumika mara moja, na imenigharimu ile shule yako.

Giza linaingia, na Neema ameshakaa kwenye gogo, ananisubiri. Lala, Mama yangu. Nakuahidi Neema atasoma mpaka pale ulipotaka mimi nifike, na siku ya kumpeleka bweni nitamsuka mwenyewe, mistari iliyonyooka. Usiku huo nitamkamua Bahati peke yangu. Nimeanza kujifunza ule mguno. Bado ananipiga mkia.

Mwanao,
Paskalina