Sauti Niliyomtayarishia Jepkosgei

Jumamosi, 2 Julai 1988

Leo Bethwel ameleta mota ya posho mill, mashine ya kusaga mahindi ya kwao Timboroa. Imeungua. Koili nyeusi tititi, harufu imejaa karakana nzima. Nikamuuliza habari za nyumbani, nikauliza mvua, nikauliza viazi. Nilizunguka wee! Mwishowe akasema mwenyewe: dada yake anakuja mwisho wa mwezi. Ana mbio Nairobi, halafu siku chache nyumbani, halafu anarudi Amerika kwa masomo.

Jepkosgei anakuja!

Nilishika spana nikajifanya natafuta nati. Bethwel hajui kitu kati yetu, au anajua na ananyamaza. Miaka miwili sijamwona msichana huyu. Nina kaseti moja tu, iliyoletwa mwezi wa nne na mkimbiaji mwenzake. Upande mzima ni gitaa za kunguruma, ngoma za kukimbizana, na mtu anayepiga kelele kama anachomwa. Heavy metal. Na katikati, baina ya wimbo na wimbo, sauti yake mwenyewe. "Wanyonyi, hii ndiyo inapigwa huku kila siku. Nilitaka usikie mahali niko." Basi. Halafu kelele tena.

Hapo kwenye sauti yake mkanda umeanza kuchakaa. Naogopa kuurudisha nyuma sasa.

Nimeamua. Akija atanikuta napiga hiyo hiyo. Ajue kwamba sikubaki nyuma.

Jumatatu, 4 Julai

Shida ni kwamba gitaa langu halingurumi. Kwa benga, muziki wa bendi yetu, ni zuri: sauti nyembamba, kali, inarukaruka. Lakini kwenye kaseti sauti ni nzito, inasukuma kifua. Nimefungua sauti ya ile emplifaya ya mikutano mpaka mwisho. Inakwaruza tu, kama kuku aliyeshikwa mguu.

Nikafikiri kama fundi wa mota. Chini ya nyuzi za gitaa kuna pikapu. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, yaani koili tu kama hizi zangu, ila ndogo. Na kwenye mota, pengo la sumaku na chuma likiwa dogo, nguvu inakuwa nyingi. Kila fundi anajua. Basi dawa ni rahisi. Nyanyua pikapu mpaka ikaribie kugusa nyuzi!

Ni skrubu mbili tu, moja huku, moja huku. Nilizungusha mpaka pengo likabaki unene wa karatasi moja, zile za kukinga koili. Nikapiga. Nguvu ipo! Dirisha lilitetemeka. Mzee Johnstone, mwenye karakana, alitoka ofisini akauliza ni nini kimelipuka.

Naenda kulala nikiwa na furaha.

Alhamisi, 7 Julai

Kuna kitu si sawa. Noti inaanza kwa nguvu, halafu inakufa. Ile ya kaseti inakaa, inakaa, mpaka unaenda kuchukua chai na unarudi unaikuta. Yangu inakabwa koo. Na uzi mnene nikiubonyeza juu karibu na tumbo la gitaa, unatoa sauti mbili zinazogombana.

Nimetyuni mpaka vidole vinauma. Nimelaumu nyuzi. Nimelaumu stima ya Eldoret. Ogola, anayepiga besi katika bendi yetu, alisikiliza akasema labda gitaa limelogwa, akacheka mwenyewe.

Mota ya Timboroa sijaigusa.

Jumamosi, 9 Julai

Siku mbaya.

Bendi iliitwa kupiga kwenye harambee ya shule, kule Pioneer. Sikuteremsha pikapu. Kiburi tu. Tulipofika kwenye wimbo wa kusifu serikali, uzi wangu mnene ukatoa ule mlio wa kugombana, mrefu, katikati kabisa ya kibwagizo. Bwana D.O., mkuu wa tarafa, aligeuza kichwa polepole. Wazee wakamtazama D.O. kwanza ndipo wakanitazama mimi.

Baadaye alituita. Akataka kujua ni nani alikuwa ananguruma ndani ya wimbo kama huo, na alikuwa anamaanisha nini. Ogola akajibu haraka kwamba ni spika, imenyeshewa. D.O. akatuangalia, akaiangalia spika, akasema iangaliwe. Tukamshukuru sana.

Njiani Ogola hakufanya mzaha hata mmoja. Tulipofika stendi akasema, "Omera, ndugu yangu, rudisha hiyo kitu mahali ilikuwa. Mimi niko na watoto."

Nimemwahidi. Lakini namuwaza yule anayekuja. Ninarudishaje sasa?

Jumatano, 13 Julai

Mvua ya mawe. Stima imepotea tangu asubuhi. Waya wa shaba wa ile mota umefika kutoka Nairobi na nimeuweka chini ya benchi, nyuma ya magunia. Hakuna aliyeniuliza.

Nikiifunga mota koili mpya mapema, Bethwel ataichukua mapema, na atakuja peke yake. Mota ikichelewa mpaka mwisho wa mwezi, huenda watakuja wawili. Najua si vizuri. Nimeweka hivyo hivyo.

Bila stima kaseti haichezi. Nimejaribu kukumbuka sauti yake kwa kichwa na nimepata maneno tu, sauti yenyewe inanikimbia. Nina hamu naye. Wacha niandike hivyo, kwa maana mchana nikiulizwa husema niko sawa.

Jumapili, 17 Julai

Nimeipata!

Sikuitafuta, imejileta. Baada ya kanisa nilikuja karakana kujaribu tena. Kumbe mtikiso wa wiki hizi ulilegeza skrubu ya upande wa uzi mnene, na pikapu imezama yenyewe kwenye tumbo la gitaa. Nilipiga bila kujua. Noti ikatoka, ikakaa. Nikaondoa mkono, bado ipo! Nzito, safi, haigombani na mtu. Nywele zilinisimama.

Nilikaa chini nikafikiri upya. Kwenye mota chuma ni kigumu, sumaku ivute itakavyo. Uzi si chuma cha mota. Uzi lazima ucheze, na sumaku ikiusogelea sana inaushika, inaunyima nafasi. Wiki mbili nimekuwa nikiukaba mwenyewe na huku naulaumu!

Sasa napima kwa karatasi za koili. Naziweka juu ya pikapu, nabonyeza uzi kule mwisho kabisa, naangalia kama zinapita. Upande wa nyuzi nyembamba karatasi chache. Upande wa mnene nyingi zaidi, kwa sababu huo ndio unavutwa sana. Nazungusha robo, napiga, nasikiliza. Robo tena. Giza limeingia sijui saa ngapi.

Jumatano, 20 Julai

Leo nimecheza pamoja na kaseti. Kuna mahali sikujua tena ni mimi au ni wao. Emplifaya inakwaruza bado, lakini sasa mkwaruzo una mwili. Ogola alikuja kuchukua nyaya zake, akasimama mlangoni muda mrefu. Akasema hii ni mashine ya kusaga. Halafu akasema, lakini imetulia. Kwa Ogola hiyo ni sifa kubwa.

Akauliza, na ile sauti yetu ya zamani? Jumamosi tunapigia watu nini? Nikamwambia angoje kidogo. Mwezi huu si wa bendi.

Jumanne, 26 Julai

Redio imesoma jina lake. Wa nne. Msomaji alilitaja haraka na kwa kulikosea, lakini ni lake. Yuko Nairobi. Yuko nchi hii hii na mimi!

Bethwel ametuma mtu kuulizia mota. Nilimwambia waya haujafika. Mzee Johnstone alinisikia, akainama akaangalia chini ya benchi, akaenda zake. Nimeona aibu mpaka masikio yakawasha. Nimeanza kuifunga leo.

Ijumaa, 29 Julai

Mota tayari. Nimempa dereva wa lori la viazi ujumbe kwa Bethwel: kesho. Nimenyoa. Nimefagia.

Jumamosi, 30 Julai

Naandika haraka, nikiwa karakana.

Wamekuja wawili. Alishuka kwenye gari akiwa na sweta ya chuo, amekonda, miguu mirefu kuliko ninavyokumbuka. Akanipa mkono kama mtu anayesalimia mwalimu. Bethwel alikuwa anatuangalia. Nikasema karibu, nikasema pole na safari. Nilikuwa nimepanga maneno mengine kabisa.

Mzee Johnstone, Mungu ambariki, akamchukua Bethwel uani kujaribu mota. Tukabaki sisi. Alikaa juu ya kibiringo cha waya. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba mama yake amebeba mahindi mpaka mjini Burnt Forest mwezi mzima huu, mgongoni, kwa sababu ya ile mota. Hakusema kwa ubaya. Aliniambia tu. Nikawasha emplifaya.

Nikapiga. Nilipiga kama sijawahi. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Nzito, ndefu, hata kikombe cha Mzee kilitembea juu ya meza. Nilifunga macho. Nilipoyafungua alikuwa anaangalia sakafu na mikono kaishikilia magotini.

Nikamuuliza, si ndiyo hiyo?

"Ni hiyo kabisa," akasema. "Ndio ile ya jirani yangu, kwa ukuta. Asubuhi, usiku. Umeipata vile iko."

Nikadhani amefurahi. Mjinga mimi.

Halafu akasema, polepole, "Mwaka mzima nilikuwa naweka mto kwa masikio, Wanyonyi. Nilikutumia ile kaseti ndio mtu mmoja huku nyumbani ajue. Mimi nilikuwa natafuta ile yako nyembamba. Ile ulikuwa unapiga lunch, siku tulileta mota na Baba. Nilikuwa naijaribu kwa mdomo nikikimbia. Siku hizi imenipotea."

Akaniuliza kama ninaweza kumpigia hiyo.

Nikasema ndiyo, nikashika bisibisi, na hapo ndipo nikajua. Fundi wa mota hakati koili kabla ya kuchora ilivyokuwa. Mizunguko mingapi, waya unaingia wapi, unatokea wapi. Ndilo jambo la kwanza nililofundishwa hapa, na Mzee alinipiga kofi siku nilipolisahau. Hii mota ya kwao niliichora kabla ya kuigusa. Gitaa sikulichora. Sijui pikapu ilikuwa imekaa wapi. Nilizungusha tu.

Nikamwambia ukweli. Kwa mara ya kwanza akatabasamu, kidogo, akasema basi tutafute.

Tukatafuta. Mimi nazungusha, yeye anasikiliza kichwa kimeinama. Hapana. Hapana, hiyo ni nono. Karibu. Hapana, imepita. Bega lake lilikuwa hapa kwangu kabisa. Nampenda. Sikumwambia, nilikuwa nahesabu robo za skrubu.

Bethwel amepiga honi. Mota wameshapakia. Jioni watu wanakusanyika nyumbani kumwombea safari, na kesho anateremka Nairobi kupanda ndege. Alisema anaenda kumwomba kaka yake dakika chache. Akaniambia, "Usipige mpaka nirudi. Nataka niikute."

Amekawia. Nimejaribu robo moja juu, upande wa nyuzi nyembamba, nimegusa na kucha bila kufungua sauti. Bado. Robo nyingine. Ngoja. Hii hapa iko karibu sana, ina ule ukali wake wa mwisho.

Nje wanaongea. Kikalenjin, haraka. Sauti ya Bethwel iko juu, yake siisikii. Mlango wa gari umefungwa. Umefungwa mmoja au miwili?

Gari imewaka. Inarudi nyuma. Uani ni padogo, lazima irudi nyuma hata kama ni kugeuza tu imngoje. Nikienda dirishani nitajua. Siendi.

Robo. Nusu ya robo. Ni hii! Ndiyo hii, naijua, ndiyo yenyewe!

Alisema nisipige mpaka arudi. Nimefungua volyumu yote, aisikie hata kama yuko garini.