Sifa nilizompa Bibi Yustina

Heru Juu, Jumanne, Oktoba 2014

Bado siamini. Kwa mdomo wangu mwenyewe!

Leo kijiji kilikutana kuchagua kaya maskini za kupewa ruzuku ya serikali. Jina la jirani yangu, Bibi Yustina, lilipotajwa, nikasimama kumtetea. Nikasema ni mjane, analea wajukuu, tena ni mchapakazi: mvua inyeshe, jua liwake, yuko kwenye mihogo yake.

Mzee mmoja akadakia, "Kumbe nguvu anazo! Mwalimu mwenyewe kasema." Watu wakacheka, wakanyoosha mikono, jina likakatwa.

Likaja la Zakaria, anayeshinda kilabuni tangu asubuhi. "Huyo hana kitu kabisa," wakasema. Akapita!

Halafu tunaogopa ruzuku italeta uvivu. Sasa hii...

Njiani nikamkuta bibi ananisubiri, jembe begani. Nilijua atanilaumu. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayetaka kujua kweli: "Sasa mwalimu, kesho niende shamba, au nikae?"

Na anamuuliza nani? Mimi, ninayewachapa wajukuu zake kwa uvivu.