Penisilini Sitaimeza

Jumatatu, 3 Juni 1957. Kabambare.

Imla leo. Wasichana kumi na wanane, makosa mengi, hasa kwenye ng'. Nimesahihisha nikiwa nimekaa, mguu juu ya kiti. Masista hawapendi mwalimu akae darasani. Sijali. Jembe lilinikata Ijumaa kwenye bustani ya shule, kidonda kidogo juu ya vidole. Nikafunga kitambaa nikaendelea kupalilia. Upumbavu. Leo kiatu hakiingii. Ngozi nyekundu, ya moto. Nimeuchovya mguu katika maji ya uvuguvugu na chumvi.

Jumanne, 4 Juni.

Wekundu umepanda hadi kifundo. Homa. Nimefundisha nusu siku tu.

Jumatano, 5 Juni.

Dispensari. Dokta, Mzungu mpya, yuko katika safari yake ya kukagua. Foleni ilifika hadi nje. Alitazama mguu wangu kidogo tu, akamwambia Bonifasi, muganga wetu anayegawa dawa, maneno mawili ya Kifaransa. Bonifasi akahesabu vidonge vyeupe, akanipa kikombe cha maji. Nikauliza ni dawa gani. Penisilini.

Nikasema hapana. Nilisema kwa Kifaransa, polepole, ili asiseme hakunielewa. Nikaeleza. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa Kasongo nikisomea ualimu, nikaugua mapafu, nikachomwa sindano ya penisilini. Kabla sijashuka kitandani midomo ilikuwa imevimba, mwili wote mabaka, koo limefunga kama mfuko unaovutwa kamba. Muganga wa huko, Anselmi, ndiye aliyeniokoa. Aliniambia penisilini nisiiguse tena maishani, iwe ya sindano au ya kumeza, na nimwambie kila atakayenitibu. Akaandika kwenye kadi yangu.

Dokta akataka kuiona kadi. Nikasema mchwa waliila mwaka jana pamoja na sanduku. Akacheka. Akasema watu weusi wote wanaogopa sindano, ndiyo maana ananipa vidonge, nimeze hapo hapo mbele ya Bonifasi.

Nikaweka kikombe chini. Dokta akaandika kitu.

Sioni aibu. Nimekaa hapa naandika na bado sioni.

Alhamisi, 6 Juni.

Mama Mkubwa wa masista ameniita. Dokta amemwandikia. Anasema mwalimu anayekataa amri ya daktari anawafundisha wasichana ukaidi. Nikamwambia sikatai dawa. Dawa naitaka sana, mguu unaniuma. Ninakataa ile moja. Akasema penisilini imeponya ulimwengu mzima. Mimi simo katika ulimwengu huo, lakini hilo sikulisema. Amenipa hadi Jumatatu. Nisipomeza, darasa atapewa mwingine.

Nikajibu, ndiyo Mama, nimesikia. Sikusema nimekubali.

Nyumbani nako vita. Mama ametwanga majani ayabandike kwenye kidonda. Nimekataa, kidonda kiko wazi na majani yametoka chini. Amekasirika. Anasema nakataa ya wazungu, nakataa ya kwetu, basi nataka nini. Nataka ile inayofaa. Sijui kwa nini ni vigumu kueleweka. Baba ananiwekea mguu juu ya gunia la karanga, anatoka.

Ijumaa, 7 Juni.

Msitari mwekundu umetokea, unapanda kwenye muundi kuelekea goti. Nimeuogopa huo msitari kuliko Mama Mkubwa.

Bonifasi alikuja baada ya kazi. Akakaa kwenye ngazi, kofia mkononi. Si mtu mbaya. Ana watoto sita na anamwogopa Dokta. Akatoa vile vidonge katika karatasi.

"Mwalimu, chukua, tupa kwenye choo. Mimi nitaandika umemeza. Dokta atafurahi, Mama Mkubwa atafurahi, na wewe utapata darasa lako."

Kwa dakika moja niliona njia. Naandika ukweli, niliitamani.

Kisha nikamuuliza, "Na siku watanileta dispensari sina fahamu, na wewe haupo, muganga mupya atafungua kitabu, atasoma nini?"

Akaikunja tena karatasi ya vidonge. Alijua. Atasoma kwamba nilimeza penisilini nikapona. Atanichoma sindano kwa furaha. Uongo wa leo utakuja kuniua kesho, tena kwa mwandiko mzuri.

Nikamwomba dawa nyingine. Hana. Zile za zamani za vidonda zimeisha, na zile mpya za ganda ziko Kasongo tu. Karatasi ya ruhusa ya safari hawezi kunipa bila Dokta. Akasimama, akavaa kofia. Akasema, akitazama chini, kwamba kesho asubuhi kamio, lile lori la pamba, inakwenda Kasongo. Akaenda zake.

Jumamosi, 8 Juni. Kasongo.

Nimekuja. Bila ruhusa ya Dokta, bila ruhusa ya Mama Mkubwa. Mama yangu alilia akisema nitafungwa. Baba alinibeba mgongoni hadi kwenye kamio, mimi mwalimu mzima, watu wakitazama. Alinikalisha juu ya mafurushi ya pamba, akauinua mguu wangu vizuri.

"Mwili ni wako, wewe ndiye unaujua," akasema. "Enda."

Neno hilo nimelishika njia yote. Vumbi, homa, kila shimo la barabara likiingia mguuni. Dereva hakuuliza karatasi. Niko kwa Shangazi Mwajuma, dada yake Baba aliyeolewa na Mwislamu, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Siwezi kuandika zaidi.

Jumapili, 9 Juni. Pentekoste.

Sijaenda misa. Nimekwenda hospitali, juu ya baiskeli ya mume wa Shangazi, yeye akisukuma.

Anselmi yupo. Ameota mvi. Alinitazama muda mrefu, jina halikumjia. Halafu akasema, "Wewe ndiye ule wa koo."

Akaingia stoo, akarudi na rejista kubwa ya mwaka ule. Akapitisha kidole, ukurasa baada ya ukurasa. Jina langu. Chini yake, kwa wino mwekundu, mwandiko wake: asipewe penisilini kamwe, alikaribia kufa. Nikalia hapo hapo. Sikulia mbele ya Dokta, sikulia mbele ya Mama Mkubwa, nimelilia kitabu.

Daktari wa hospitali, mzee mwenye miwani, alisoma msitari ule mara mbili. Hakucheka. Akaniandikia dawa nyingine, vidonge vya ganda la manjano. Anselmi akaniuliza maswali mengi kabla ya kunipa. Dawa gani nyingine nimewahi kuchukua. Nimekunywa nini nyumbani. Nina mimba? Tumbo langu likoje? Nilimjibu yote, hata ya aibu.

Jumatatu, 10 Juni.

Leo ndiyo Jumatatu ya Mama Mkubwa. Darasa limekwenda. Limekwenda, basi.

Kidonge kimoja mara nne kwa siku, siku kumi. Kabla ya chakula, tumbo likiwa tupu, kwa kikombe kizima cha maji. Si kwa maziwa, maziwa yanaizuia dawa. Nisilale mara baada ya kumeza, kinaweza kukwama kooni kikachoma. Nisikae juani. Nikiona mabaka, au kuvimba, au kuhara sana, niache na nirudi mbio. La sivyo nisiache hata kimoja, hata nikiweza kucheza ngoma. Anselmi alinifanya nirudie yote kwa mdomo kama mwanafunzi. Sikukosea.

Shangazi hana saa. Ana adhana. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, na kile cha mwisho adhana ya isha. Mkatoliki anayemeza dawa kwa sauti ya muadhini. Naona Mungu haoni shida.

Jumatano, 12 Juni.

Msitari umefifia. Kichefuchefu baada ya kidonge cha asubuhi. Nimemuuliza Anselmi, amesema nivumilie, si mabaka. Nimevumilia. Jana kidonge cha adhuhuri nilikichelewesha kwa usingizi. Nilikimeza nilipokumbuka, sikumeza viwili pamoja.

Ijumaa, 14 Juni.

Kiatu kimeingia. Kidonda kimekauka pembeni. Nimetembea hadi kisimani.

Ndipo vita nyingine. Shangazi anasema nimepona, vidonge vilivyobaki tuviweke kwa siku ya shida. Jirani yake, Mama Asha, amekuja na kikohozi cha wiki mbili, ameomba vinne tu. Nimewaambia hapana wote wawili. Mama Asha akaniita mchoyo, mbele ya wanawake wote wa kisimani. Mgeni anakula kwa watu na ananyima watu.

Imeniuma kuliko maneno ya Dokta, kwa sababu huyu hakusema kwa dharau, alisema kwa kukohoa. Nikavaa kitambaa cha kichwa, nikamshika mkono, nikampeleka kwa Anselmi mwenyewe. Anselmi alimsikiliza kifua, akamtaka alete makohozi kwenye kikopo. Anadhani ni kifua kikuu. Vidonge vyangu vinne vingemfanya nini? Vingemtuliza akae nyumbani akiwaambukiza watoto.

Amerudi bado amenikasirikia. Na akasirike.

Jumatano, 19 Juni.

Kidonge cha mwisho jana, isha. Barua ya Mama Mkubwa imefika na kamio. Darasa langu amepewa Sista mgeni. Nikirudi nitafundisha kushona, na katika ripoti imeandikwa mkaidi. Nimemsomea Shangazi. Akauliza mkaidi kwa Kifaransa ni nini. Nikamfundisha neno. Akalirudia mara kadhaa, likampendeza.

Sitaomba msamaha. Nitashona.

Jumanne, 25 Juni. Kabambare.

Nimefika jana. Baba aliukagua mguu kama anayenunua mbuzi, akaridhika. Mama amepika kuku, hajasema kitu kuhusu majani.

Leo baada ya kushona nimepeleka dispensari kadi mpya niliyoandikiwa Kasongo, na barua ya Anselmi kwa Bonifasi. Ameisoma amesimama, midomo ikitembea. Ameandika jina langu kwenye kitabu, na chini yake ule msitari, kwa wino mwekundu. Ameniomba nisome kama herufi ziko sawa. Ziko sawa. Akaniambia ningoje, atanipa kitambaa safi cha kidonda.

Kulikuwa na bibi mmoja mbele yangu, wa kabila la Kibangubangu, na jicho baya. Bonifasi alishika dawa mkononi, akasita, akairudisha mezani.

"Bibi, iko dawa yoyote ilikukataa zamani?"

Bibi akamtazama. Kisha akavuta kiti. Akaanza na kwinini ya wakati alipokuwa msichana. Akafuata dawa za minyoo, na chanjo iliyomvimbisha mkono. Ikawa ndefu. Foleni ilisimama juani na hakuna aliyemharakisha. Nikakaa chini karibu na mlango, nikanyoosha mguu, nikamsikiliza.