Dume la Benki

Jumatatu, 7 Novemba 1983

Siku ya mnada. Nimekwenda na Baba kwenye gari la benki. Husimama karibu na mizani ya ng'ombe. Ubavuni limeandikwa kwa rangi ya kijani: SIRI YA MTEJA NI DHAMANA YETU. Nikamsomea Baba mara mbili. Maana ni mimi niliyemshawishi mwaka jana auze ng'ombe, fedha aweke benki. Mwalimu Aikande alitufundisha darasa la sita: benki haimwambii mtu.

Baba alitaka elfu tatu na mia tano. Za ada yangu! Masista wamenikubali kwenye sekondari yao. Naripoti Januari, na ada hulipwa taslimu siku hiyo hiyo.

Karani ni Bwana Melkizedek, mtu wa Machame. Kaunda suti, na sauti ya kengele ya kanisa.

— Mzee Patrisi! Elfu tatu na mia tano! Za nini?

Baba akainama dirishani, akasema taratibu kwamba ni siri.

— Siri? Basi paza sauti, mzee wangu, injini inaunguruma.

Foleni nzima ikanyamaza ili imsaidie kusikia.

Tangu ule msako wa walanguzi, anayetoa zaidi ya elfu mbili lazima alete sababu kwa maandishi, iliyothibitishwa na balozi wake wa nyumba kumi. Baba akasema, basi nipe elfu mbili leo, nyingine mnada ujao. Karani akacheka.

— Hivyo hivyo ndivyo wanavyofanya walanguzi!

Tumerudi na fedha ya chumvi tu. Chumvi haikuwapo.

Jumanne, 8 Novemba

Tatizo ni hili. Balozi wetu ni baba mkubwa Qamara! Naye anatafuta mahari ya mwanawe, Josephati. Akijua Baba ana fedha ataziomba, na Baba hawezi kumnyima kaka yake. Kwetu hakuna awezaye. Kuhusu mimi alishasema zamani: msichana akiweza kusoma barua, imetosha.

Baba alikaa hadi ugali ukapoa. Kisha akaniambia niandike: sababu, kununua dume la mbegu. Ng'ombe wa baba mkubwa watapandwa bure, kwa hiyo hatazigusa fedha hizo.

Nikasema, Baba, lakini si kweli.

— Evarista, hapa Karatu umewahi kusikia mtu anaulizwa ng'ombe wa nini?

Mama alicheka ndani ya khanga. Nikaandika. Mwandiko ulitoka mzuri kuliko siku zote. Hilo ndilo lililoniumiza.

Alhamisi, 10 Novemba

Baba mkubwa ametia dole gumba. Aliuliza rangi tu. Baba akasema jekundu.

Nikaenda bombani. Kabla sijatua ndoo, Lukresia wa jirani akapaza sauti:

— Binti Dume! Hilo jekundu lenu lina nundu?

Nikasema lina. Sasa mimi pia ninalijua.

Ijumaa, 25 Novemba

Tumepewa!

Safari hii Bwana Melkizedek alinong'ona. Nadhani alionywa na wakubwa. Alinong'ona mno, Baba akawa anauliza unasemaje, unasemaje, mpaka watu wa nyuma wakamsaidia:

— Anasema hesabu vizuri! Elfu tatu na mia tano, za dume!

Kisha karani akaongeza sharti. Balozi alione dume kwa macho yake, halafu athibitishe. La sivyo Baba ataitwa wilayani, Mbulu, kujieleza.

Fedha ziko ndani ya debe la maharage.

Jumatano, 30 Novemba

Watu wanakuja kutazama dume. Baba anawaambia liko Olbalbal, kwa rafiki yake Mmasai, Seenoi. Wanaridhika papo hapo! Kwetu mwenye ng'ombe hawaweki wote katika zizi lake. Wengine hulala kwa marafiki, ili jirani asijue mali yake yote. Na rafiki hasemi. Nimewaza sana. Hiyo nayo ni benki, haina dirisha wala foleni. Baba alikuwa nayo, mimi nikamtoa.

Baba mkubwa peke yake hakuridhika. Alisema serikali imetaja macho, haikutaja masikio.

Basi Baba ameondoka alfajiri kwenda Olbalbal, kuazima dume. Jekundu. Nimesali rozari yote, nikaona aibu kumtajia Mama Maria rangi.

Jumapili, 4 Desemba

Baba amerudi na dume! Jekundu kweli, na nundu ya kutosha. Seenoi amekuja nalo mwenyewe. Huko kwao nyasi zimekwisha, kwa hiyo amefurahi lipate malisho huku kwetu siku chache. Lakini hawezi kuliacha peke yake na watu wanaolima, anasema, huku akitutazama kwa huruma. Namelok, mkewe, ametutumia kibuyu cha maziwa.

Nimemuuliza Baba kama Seenoi anajua dume lake sasa ni letu. Baba amesema atamweleza. Bado hajapata nafasi.

Jumatano, 7 Desemba

Naandika jikoni. Mlango uko wazi, nawaona wote.

Baba mkubwa amekuja na wazee wawili. Alilizunguka dume, akashika nundu, akatazama meno. Seenoi alifurahi mno kusifiwa, akamwonyesha na kwato. Nikaitwa niandike: "Nimeliona kwa macho yangu." Baba mkubwa akatia dole. Nikashukuru Mungu, nikarudi jikoni.

Lakini kabla hajafuta wino kidoleni, akawageukia wazee. Akasema ng'ombe mmoja wa mahari ya Josephati amepatikana, ndiye huyu. Mdogo wake, alisema, hawezi kumkatalia.

Seenoi akaweka kikombe chini.

— Dume gani linakwenda harusi?

— Hili la ndugu yangu.

— Hili? Hili la mimi!

Hata dume liliacha kutafuna.

Nilidhani baba mkubwa atakasirika. Hapana! Alifikiri kidogo, akasema basi hakuna neno, fedha za benki zipo. Dume linunuliwe sasa hivi, mbele ya balozi, na mambo yote yatakuwa ya kweli. Seenoi akasema hakupanga kuuza. Halafu akasema, kwa rafiki, anaweza kukubali elfu tatu na mia tano.

Hata Olbalbal wanajua!

Wazee wanatikisa kichwa kukubali. Mama ameingia jikoni, amekalia debe la maharage. Baba anatazama chini. Anachora udongo kwa fimbo.

Sasa ameinua kichwa.

— Evarista! Njoo na kalamu.

Basi. Hakusema nikaandike nini. Kama ni hati ya kununua dume, au kama leo atamwambia kaka yake ukweli. Namtazama Mama. Hainuki kwenye debe.

Nimechukua karatasi safi. Nimeanza mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri: Sababu — ada ya shule ya Evarista Patrisi.

Baba anaita tena.